Sola ndogo ya nyumbani na mtumbwini: maswali ninayoulizwa kila siku

Ninafunga na kutengeneza sola ndogo kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, kuanzia paneli ya wati 10 ya kuchajia simu hadi za wati 200 za kuwashia nyumba au kibanda cha kinyozi. Maswali haya nimeyajibu nikiwa juu ya ngazi, kwenye kivuko, na ufukweni asubuhi watu wanapoanika dagaa. Nimeamua kuyaandika kwa sababu moja kubwa: betri zinakufa ovyo. Mtu anauza mbuzi wawili, ananunua betri, na kabla mwaka haujaisha amerudi kwenye kibatari. Mara nyingi betri hiyo haikuwa mbovu. Ilikufa kwa njaa.

Sola inachaji kwa joto au kwa mwanga?

Kwa mwanga. Joto linaipunguzia nguvu. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25. Ukiilaza juu ya bati, saa saba mchana inaweza kufika nyuzi 60 au 65, na kila nyuzi inayozidi 25 inakula takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake. Kwa hiyo paneli ya wati 100 iliyobanwa kwenye bati itakupa kama 85 tu, jua likiwa kali kabisa. Inyanyue upana wa kiganja ili upepo upite chini yake.

Paneli imeandikwa volti 12, mbona mita inasoma 21?

Iko sawa. Paneli ya "volti 12" kwa kawaida ina seli 36, na isipofungwa kitu chochote husoma volti 21 au 22. Ikiwa kazini hushuka hadi karibu 18. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu betri ya volti 12 haijai kwa volti 12. Ile ya asidi inataka kufikishwa karibu 14.4 ndipo ijae, na ziada iliyobaki ni ya kufidia joto na urefu wa waya. Ndiyo maana ni hatari kufunga redio au taa ya volti 12 moja kwa moja kwenye paneli. Itapokea 20 na kuungua.

Naweza kuchomeka simu moja kwa moja kwenye paneli?

Ikiwa paneli ina tundu la USB, ndiyo, maana ndani yake kuna kifaa kinachoshusha umeme hadi volti 5. Ikiwa haina, usithubutu.

Ila hata yenye tundu ina udhia wake. Wingu likipita, chaji inakatika. Likiondoka, simu inaanza upya, na nyingine hukataa kuanza mpaka uchomoe na kuchomeka tena. Tena simu inaachwa juani pamoja na paneli, ikipikwa. Mimi hushauri mchana uchaji pawabenki iliyowekwa kivulini, usiku pawabenki ichaji simu. Pawabenki halisi ya mAh 10,000 inabeba kama wati-saa 37 (yaani wati zikizidishwa kwa saa), na sehemu inapotea njiani, kwa hiyo tarajia kujaza simu janja ya betri 5,000 mara moja na kitu, si mara mbili. Simu ndogo ya kitochi itajaa mara nyingi tu.

Nijue vipi ukubwa wa paneli na betri ninayohitaji?

Chukua kalamu. Andika kila kitu utakachotumia, wati zake, na saa utakazokiwasha. Zidisha, ujumlishe.

Chukulia nyumba ya kawaida hapa kwetu: taa tatu za LED za wati 5 zikiwaka saa tano usiku, hiyo ni wati-saa 75. Redio ya wati 5 kwa saa sita, 30. Simu janja mbili kwa kama 25 kila moja, 50. Kitochi cha bibi, 5. Jumla 160 kwa siku.

Sasa paneli. Jua letu linakaa angani kama saa kumi na mbili kwa siku, lakini asubuhi na jioni ni hafifu. Ukilikusanya lote linakuwa sawa na saa tano za jua kali. Joto, vumbi, waya na betri yenyewe vinakula kama theluthi moja. Kwa hiyo kila wati 1 ya paneli nahesabu inaniletea wati-saa 3 na robo kwa siku. Gawanya 160 kwa 3.25, unapata 49. Paneli ya wati 50 ingetosha kama kila siku ingekuwa ya jua, na si kila siku ni ya jua. Ningekufungia ya 80.

Betri: 160 gawanya kwa volti 12 ni ampea-saa 13 na ushee; ampea-saa ndiyo kipimo cha ujazo wa betri. Betri ya asidi usiitumie kupita nusu, kwa hiyo unahitaji 27. Ongeza akiba ya nusu siku kwa ajili ya mawingu, na ya 40 inakaa vizuri.

Kwa nini betri yangu haimalizi hata mwaka?

Hili ndilo swali lenyewe.

Ndani ya betri ya asidi kuna mabamba ya risasi. Unapoitumia, mabamba hayo hufunikwa na chumvi laini nyeupe, salfeti ya risasi. Unapoichaji, chumvi hiyo inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Betri ikiachwa bila kujaa kwa siku nyingi, chumvi ile inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena. Kila wiki kipande kingine cha bamba kinazibwa. Betri uliyonunua ikiwa ya 70 inageuka ya 50, ya 30, kisha taa zinazima saa mbili usiku na watu wanasema, "betri feki".

Betri yangu ya kwanza iliniumiza hivyohivyo. Nilinunua N70, betri kubwa ya ampea-saa 70, nikijua ukubwa ndio usalama, nikaiunga na paneli ya wati 20 kwa sababu pesa ilikuwa imeisha. Paneli ya wati 20 inatoa ampea 1 na kidogo. Kwa saa tano za jua ni ampea-saa 5 au 6. Nilikuwa natumia karibu hizohizo kila usiku. Betri ile haikuwahi kujaa hata siku moja tangu itoke dukani. Ilikufa ndani ya miezi saba. Aliyeniuzia aliona vyote viwili nikivilipia na hakuniambia neno, ndiyo sababu mimi huwaambia wateja hata wakikasirika.

Kanuni ninayoifuata: paneli iweze kuipa betri ya asidi, jua likiwa kali, ampea zisizopungua sehemu ya kumi ya ampea-saa zake. Betri ya 40 inataka ampea 4, hiyo ni paneli ya wati 75 au 80. Betri ya 70 inataka wati 125 hivi. Pesa ikiwa haba, punguza betri, usipunguze paneli. Betri ndogo inayojaa kila siku itaishi kuliko kubwa inayoshinda na njaa.

Jambo la pili ni kuimaliza kabisa. Pima kwa mita alfajiri, taa zikiwa zimezimwa muda na jua halijatoka. Ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko kama nusu, 11.8 kushuka chini umeifilisi. Mita ndogo ya kuchomeka haina bei kubwa, na inaokoa betri nzima. Ukiona siku tatu mfululizo iko chini ya 12.2, punguza matumizi usiku huo: zima redio, bakiza taa moja.

Na la tatu, kwa betri zenye vifuniko, ni maji. Ongeza maji ya betri pekee mpaka yafunike mabamba. Si ya ziwani, si ya kisima. Na usiongeze asidi; asidi haipungui, kinachopungua ni maji.

Betri ya gari inafaa kwa sola?

Itawasha, lakini haidumu. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ichajiwe papo hapo; mabamba yake ni membamba. Sola inataka betri inayotoa kidogo kidogo usiku kucha. Kama huna njia nyingine, itumie robo tu ya uwezo wake.

Na hizi za lithiamu?

Kama unaweza kujikaza, nunua ya aina ya LiFePO4. Unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiumiza, haidhuriki ikibaki nusu, ni nyepesi, na nzuri hujazwa na kutumiwa zaidi ya mara 2,000, wakati ya asidi inayoshushwa nusu kila siku huishia mamia kadhaa. Kwa ile nyumba ya wati-saa 160, ya ampea-saa 20 ingebeba usiku mmoja. Hakikisha kontrola yako, kile kifaa cha kusimamia chaji kati ya paneli na betri, ina mpangilio wa lithiamu, na umeuweka.

Tahadhari iko kwenye zile seli za duara za 18650 zinazouzwa mojamoja za tochi. Ukiona imeandikwa mAh 9,900, iache hapohapo. Seli nzuri za ukubwa huo zinazouzwa kwa kawaida zina karibu 3,500. Nimewahi kufungua moja ya "9,900" nikakuta ndani kiseli kidogo kimezungushiwa unga mweupe wa kuongeza uzito. Na usiwahi kuchaji seli za lithiamu moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Zinaweza kushika moto.

Kontrola ni lazima?

Lazima. Inaizuia paneli isichemshe betri, inaizuia betri isirudishe umeme kwenye paneli usiku, na inakata taa kabla betri haijaisha.

Mpangilio wa kufunga: betri kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kufungua, rudi kinyume, paneli itoke kabla ya betri. Kontrola inasoma volti za betri ili ijijue iko kwenye mfumo gani. Ikikutana na paneli kabla ya betri, nyingine huungua siku hiyohiyo.

Wanaoniuliza kama wanunue kontrola ya PWM (inayoiunga paneli na betri moja kwa moja) au ya MPPT (inayogeuza volti za ziada kuwa ampea) nawajibu hivi: kwa paneli ya seli 36 isiyozidi wati 100, PWM inatosha. Tatizo linakuja mtu akipata kwa bei nzuri ile paneli kubwa ya seli 60, ya wati 270, inayofanya kazi kwenye volti 31. PWM inaivuta mpaka volti za betri, 13 hivi, lakini ampea zinabaki zilezile, karibu 9. Tisa mara 13 ni kama wati 117. Wati 150 zimepotea kila jua linapowaka. Hapo nunua MPPT, na uangalie uzito wake: ya kweli ina koili ya shaba ndani na bapa la alumini nyuma. Zile nyepesi kama kiberiti zenye neno MPPT juu ni PWM iliyobandikwa lebo.

Taa za dagaa zinahitaji nini?

Wazee wetu walivua kwa karabai, mafuta ya taa yakimaliza faida kabla dagaa hawajafika mchangani. Taa za LED zimebadilisha kazi hii, na ninafurahi kila ninapoona mtumbwi unatoka bila dumu la mafuta.

Taa ya wati 12 ikiwaka saa kumi inakula wati-saa 120. Betri ya asidi ya ampea-saa 20 ina 240, kwa hiyo inamaliza usiku ikiwa nusu, sawasawa kabisa. Kila taa iwe na paneli yake ya wati 40 au 50 nchi kavu. Wenye taa nne hukosea kwa kuzichaji zote kwa paneli moja ya 50 "kwa zamu". Matokeo yake zote nne zinaingia majini zikiwa na njaa.

Kipindi cha mbalamwezi, kazi inaposimama, usizitupe betri stoo. Hizo ndizo siku za kuzishibisha. Ziache kwenye paneli na kontrola mpaka siku ya kurudi majini.

Na ziba viungio vya waya kwa grisi. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, lakini umande na maji ya samaki vinatosha kuotesha kutu ya kijani ndani ya wiki chache.

Nitumie waya gani?

Mnene na mfupi. Kwenye volti 12 waya mwembamba unakula sana. Paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri na inapitisha ampea 5, waya wa milimita 1.5 unapoteza volti 1.2, wa 2.5 unapoteza kama 0.7. Unaweza kuona ni kidogo, lakini volti hiyo moja ndiyo inayotofautisha betri iliyojaa na isiyojaa.

Na weka fyuzi. Watu wananiambia volti 12 haiui, ni kweli haitakurusha ukiigusa, lakini inaunguza nyumba. Niliitwa alfajiri moja kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye watoto wanne. Panya alikuwa ametafuna waya nyuma ya kabati, shaba ya upande wa chanya ikagusana na ya hasi. Betri ya asidi ikifanyiwa hivyo inatoa mamia ya ampea. Waya ulikuwa umebaki uzi mwekundu-mweusi, plastiki yake imedondokea kwenye godoro na kutoboa mashimo yaliyopangana kama shanga, kila shimo na ukingo mweusi. Mtoto alikuwa amelala upande wa pili wa godoro hilo. Fyuzi ya ampea 15 ingekata kabla waya haujapata moto. Tangu siku hiyo siondoki nyumbani kwa mtu bila fyuzi, iliyofungwa kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri. Nikikuta hana hela ya fyuzi, naiweka yangu.

Betri ya asidi isikae chini ya kitanda wala chumba kisicho na dirisha. Ikichajiwa inatoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja inatosha.

Naweza kuweka inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) nitumie pasi na friji?

Pasi, hapana. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na inveta inaongeza hasara yake. Betri ya 40 itaanguka ndani ya dakika chache. Friji ya kawaida nayo ni mradi mwingine mkubwa kabisa.

Kwa sola ndogo, kwepa inveta ukiweza. Inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Nunua taa za volti 12, chaja ya simu ya volti 12, na runinga ya DC. Ile ya inchi 19 au 24 hutumia wati 15 hadi 25 tu.

Nitajuaje paneli feki?

Nenda dukani na futi ya fundi seremala. Jua kali la mchana huleta wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri zinazouzwa kawaida hubadilisha karibu asilimia 20 kuwa umeme. Maana yake paneli ya wati 100 haiwezi kuwa ndogo kuliko nusu mita ya mraba, yaani kama mita 1 kwa nusu mita. Ukipewa ya sentimita 50 kwa 35 imeandikwa wati 100, hata kama ni nzuri haiwezi kuvuka 35.

Kipimo cha pili, iombe itolewe nje saa sita mchana, weka mita kwenye ampea 10, gusisha ncha za mita kwenye waya mbili za paneli. Soma, kisha linganisha na namba ya Isc iliyoandikwa nyuma, yaani ampea ambazo paneli hutoa ikipimwa hivyo. Ikifika nusu tu na anga ni safi, rudisha. Muuzaji asiyekubali paneli itoke nje amekwisha kukujibu.

Jani moja likiangukia paneli lina shida?

Kubwa kuliko unavyodhani. Seli zimeungwa mfululizo, umeme wa zote unapita kwenye kila moja. Seli moja ikifunikwa, zote zinabanwa. Nimeona paneli ikitoa chini ya nusu kwa kivuli cha waya wa kuanikia nguo na shati moja. Pogoa mwembe. Futa vumbi na kinyesi cha ndege asubuhi na mapema, kwa maji na kitambaa laini, kioo kikiwa bado cha baridi.

Wakati wa masika nifanyeje?

Mawingu mazito yanakuachia sehemu ya kumi hadi robo ya umeme wa kawaida. Kubali kupunguza. Familia zinazovuka masika bila kupoteza betri ni zile zinazozima redio mapema kuanzia siku ya kwanza ya mawingu, si ya tano. Ngurumo zikianza, chomoa waya za paneli kwenye kontrola kabla mvua haijafika. Ziwa Victoria lina radi nyingi.

Paneli ielekee wapi?

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo inamisha kuelekea kaskazini. Hapa Ukerewe jua linapita karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo pembe ya nyuzi 10 hadi 15 inatosha, na kazi yake kubwa ni kufanya mvua ioshe vumbi. Ndugu zetu wa Lodwar kule Kenya au Gulu kule Uganda, walio kaskazini mwa ikweta, wainamishe kuelekea kusini.

Betri iliyokufa niipeleke wapi?

Kwa wanunuzi wa betri chakavu. Wananunua kwa kilo, na risasi yake inarudi kiwandani. Nawasihi sana wenzangu wavuvi: msiyeyushe betri nyumbani kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi vinaingia kwenye udongo ambao watoto wanachezea, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto bila homa wala kidonda cha kukushtua. Sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi jikoni kamwe. Wala usimwage asidi ili kupunguza uzito wa kubeba. Ikikumwagikia, osha kwa maji mengi na uendelee kuosha. Ibebe betri ikiwa imesimama wima, ndani ya beseni la plastiki, na kwenye mtumbwi au kivuko ikae mbali na magunia ya dagaa na unga.